Usimfiche Mgonjwa wa Pombe

Mwezi huu twataka kusema neno juu ya pombe. Katika nyumba nyingi za Wakristo jambo hili halisemwi wazi. Hunong'onwa jikoni usiku, watoto wakiisha kulala. Maonyo juu ya ulevi mmeyasikia mara nyingi kanisani, nayo ni ya kweli. Leo twataka kusema na mke, na mama, na ndugu wa yule anywaye, maana iko siku ambayo uhai wake huwa mikononi mwao kwa muda wa saa chache tu.

Wazee wetu walikuwa na pombe zao: mbege ya Wachaga, ulanzi wa Wahehe na Wabena, muratina ya Wakikuyu, na tembo la mnazi huko pwani. Hatuzisifu, kwa kuwa nazo zimevunja nyumba za watu. Lakini zilitengenezwa mchana, mbele ya macho ya jirani, kwa ndizi na ulezi, kwa utomvu wa mianzi, kwa asali. Na aliyezitengeneza alijulikana. Chang'aa, gongo na waragi zinazouzwa kwa siri ni habari nyingine. Mnywaji hajui zimetoka wapi, wala hajui zimetiwa nini. Wako wauzaji wapendao fedha kupita roho za watu, ambao huongeza methanoli, yaani spiriti ya viwandani itumikayo kuyeyushia rangi, ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo.

Matokeo yake twayajua. Mwezi wa Novemba 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Mwezi wa Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika Embu, Kiambu na sehemu nyingine za Kenya, na wengine waliopona walikuwa wamepofuka. Mwezi wa Februari 2024 msiba ukafika kijiji cha Kangai, katika Kirinyaga. Uganda nayo ililia mwaka 2010, watu wa Kabale walipokunywa waragi yenye sumu hiyo hiyo.

Yafaa kila mtu ajue jinsi sumu hii inavyofanya kazi. Methanoli haina harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji. Wengine huimwaga pombe kidogo na kuiwasha kwa kibiriti, wakidhani rangi ya moto itawaambia kama ni safi. Wasidanganyike, moto hauwezi kuonyesha sumu iliyochanganywa. Vijiko viwili vikubwa vya methanoli vyaweza kumwua mtu mzima. Ikiisha kuingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi kali, ile iliyopewa jina lake kutokana na sisimizi, kwa kuwa watu waliipata kwanza katika wadudu hao. Asidi hii hushika mishipa ya macho, kisha huharibu damu na pumzi.

Lakini ini hufanya kazi hiyo polepole. Mtu hunywa jioni, akalala, akaamka kana kwamba hana neno. Baada ya saa 12, au hata siku nzima, kichwa humwuma sana, tumbo humsokota, hutapika, huhema mbiombio, na macho yake huona kama ukungu. Watu wa nyumbani husema, "Ni uchovu wa pombe tu, mwacheni alale." Hapo ndipo wengi hufa. Maziwa na mafuta hayaondoi sumu hii. Hospitalini iko dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli, na katika hospitali kubwa iko mashine ya kusafisha damu. Lakini hayo yote yataka mgonjwa afike mapema.

Basi, kwa nini hafikishwi? Mara nyingi ni aibu. Mke aona haya, mumewe ni mzee wa kanisa, mama aogopa polisi, ndugu wasema, "Watu watatucheka." Waswahili walinena zamani: mficha maradhi, kifo humwumbua. Msamaria mwema hakumwuliza yule majeruhi alikuwa akitafuta nini njiani. Alimfunga jeraha, akamchukua mpaka mahali pa kutunzwa. Nanyi wazee wa kanisa, kama kuna neno la kuonya, lisemeni mtu akiisha kupona. Maana maiti haiwezi kutubu. Mpelekeni hospitali, mkamwambie daktari bila kuficha alikunywa nini, lini, na pamoja na nani. Kisha watafuteni wote walionywa naye, hata kama bado wajiona wazima.

Liko kosa jingine lifanywalo kwa upendo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, wenziwe humfungia chumbani ili aache mara moja. Jambo hili ni la hatari. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa ghafula, waweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, na kuona vitu visivyokuwako; wengine hufa. Mtu kama huyo aache, naam, lakini aache chini ya mkono wa daktari, na ndugu zake wakae karibu naye.

Na vijana je? Serikali zimefanya sehemu yao. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya plastiki tangu tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa vilikuwa bei ndogo na rahisi kuficha mfukoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haiingii jikoni. Baba amtumaye mwanawe kwenda kununua pombe amemwonyesha njia kwa mkono wake mwenyewe.

Twawaomba, wapenzi wasomaji, mwusome ukurasa huu kwa sauti nyumbani, watoto nao wasikie. Na kama mtu wa nyumba yako amekunywa pombe ya siri, naye alalamika kwamba haoni vizuri, usingoje kupambazuke. Gonga mlango wa jirani, tafuteni chombo cha kumchukulia, mwende.