Kiingereza cha Sekondari kwa Mwendo wa Mwanafunzi

Kujifunza kwa mwendo wa mwanafunzi ni utaratibu ambao somo hugawanywa katika vipande vidogo, na mwanafunzi huvuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine pale tu anapokuwa amekielewa. Mtandao umeurahisisha utaratibu huo: maelezo, vifungu vya kusoma, mazoezi na majibu yake hukaa pamoja ndani ya simu au kompyuta, na hufunguliwa saa yoyote. Kati ya masomo ya sekondari ya chini, Kiingereza huonyesha waziwazi nguvu ya utaratibu huu na mipaka yake, kwa kuwa baadhi ya sehemu zake mashine huzifundisha vizuri na nyingine hazifundishiki bila mtu.

Nchini Tanzania uzito wa somo hili hauishii kwenye alama zake lenyewe. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza hukutana na baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza, baada ya kozi ya awali ya lugha ya wiki chache. Asiyekimudu Kiingereza huyumba karibu katika masomo yote.

Ipole ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni kata ya Wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, katika misitu ya miombo, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Mpanda na nyingine Rungwa. Wakazi wake wanajulikana kwa kilimo cha tumbaku na ufugaji wa nyuki. Watoto wengi wa eneo hili hukua na Kinyamwezi, kisha huongeza Kiswahili, lugha ambayo misafara ya karne ya 19 ilisaidia kuieneza katika nchi ya Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Kiingereza huja kikiwa lugha ya tatu, na hakisikiki sokoni wala shambani. Kwa hiyo kiasi cha Kiingereza anachokutana nacho mwanafunzi nje ya darasa hutegemea vitabu na simu.

Kutoka posta hadi mtandao

Utaratibu wenyewe ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alianza kufundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi alipokea zoezi, akalifanya kwa wakati wake, akalirudisha, naye Pitman akalisahihisha. Nguvu ya mpango huo ilikuwa kwenye masahihisho yaliyorudi.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo kwa njia ya posta yaliandaliwa kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya Bunge. Hadi leo taasisi hiyo husimamia elimu ya sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi. Umuhimu wake uliongezeka Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Mtahiniwa wa kujitegemea ambaye hakupita kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa kabla ya ule wa kidato cha nne, na maandalizi yake kwa sehemu kubwa ni kujisomea.

Kisayansi, mwaka 1968 ulikuwa wa pekee. Benjamin Bloom wa Marekani alichapisha hoja yake ya kujifunza hadi kumudu: mwanafunzi asivuke mada kabla ya kuonyesha kwamba ameiweza, hata kama atahitaji muda mrefu kuliko wenzake. Mwaka huohuo Fred Keller alieleza mpango wake wa chuo kikuu ambao mwanafunzi alisoma maandishi kwa mwendo wake, akafanya jaribio fupi mwishoni mwa kila sehemu, na asipofaulu akarudia bila adhabu. Mwaka 1979 James Kulik na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu mpango wa Keller, wakaona kwamba wanafunzi wake waliwazidi wa madarasa ya kawaida kwa takribani alama 8 katika mia kwenye mtihani wa mwisho. Programu nyingi za leo zimejengwa juu ya mawazo hayo mawili.

Msamiati na kusoma

Sehemu ambayo programu huifanya vizuri zaidi ni msamiati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Hu na Paul Nation walionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ya habari ili aielewe vizuri bila msaada. Maana yake ni neno geni moja katika kila maneno 50. Anayejua asilimia 90 hukutana na neno geni katika kila maneno 10, na huo ni ukurasa wenye vizuizi kila mstari.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa mpangilio. Maneno 2,000 ya Kiingereza yanayotumika sana hubeba takribani asilimia 80 ya maandishi ya kitaaluma. Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kielimu, yanayobeba asilimia 10 hivi nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeanza na maneno hayo ya msingi hupata faida katika kila kitabu cha kiada, na programu inaweza kumpima mwanzoni ili asipoteze muda kwa maneno anayoyajua.

Kuyakumbuka ni kazi nyingine. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kitu kilichokaririwa mara moja husahaulika kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki moja kundi la kwanza lilikumbuka asilimia 40 ya habari, la pili asilimia 61. Kurudia kusoma humfanya mwanafunzi ajione anajua. Kujiuliza humwonyesha asichokijua.

Kanuni hizo hazihitaji umeme. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya vikadi vya karatasi na kisanduku chenye vyumba. Neno huandikwa upande mmoja na maana yake upande wa pili. Likikumbukwa, kadi husogezwa chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa baada ya siku nyingi zaidi. Likisahaulika, hurudi chumba cha kwanza. Programu za msamiati hufanya hesabu hiyohiyo kwa kompyuta, na mwanafunzi asiye na simu anaweza kuifanya kwa daftari lililokatwa.

Ufahamu wa habari nao hufaa kwa mwendo wa mtu binafsi, mradi maswali yavuke kutafuta jibu lililoandikwa wazi. Mitaala ya Kiingereza ya nchi nyingi katika umri wa miaka 11 hadi 14 humtaka msomaji ataje wazo kuu, aoneshe sentensi inayolithibitisha, na akisie maana ya neno kwa muktadha. Katika kidato cha kwanza na cha pili Tanzania, hadithi fupi kama "Mabala the Farmer" na "Hawa the Bus Driver" za Richard Mabala zimetumika kwa kazi hiyo. Faida yake ni kwamba mandhari yake ni ya nyumbani, hivyo msomaji hupambana na lugha tu.

Sarufi, kuandika na kuzungumza

Katika sarufi, makosa ya wazungumzaji wa Kiswahili hujirudia kiasi cha kutabirika. Kiswahili hakitenganishi "he" na "she", wala hakina vijineno kama "a" na "the" mbele ya nomino. Irabu zake tano humfanya msikilizaji asitofautishe haraka "ship" na "sheep". Programu iliyotungwa kwa kuzijua tofauti hizo humpa mwanafunzi mazoezi mengi pale anapokwama. Iliyotungwa kwa mtoto wa Chicago ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza haina sababu ya kuyagusa makosa hayo.

Kuandika ni kugumu zaidi kusimamia. Ellis Page alianza kusahihisha insha kwa kompyuta nchini Marekani mwaka 1966, na siku hizi programu hugundua tahajia mbovu, nyakati zilizochanganywa na sentensi zisizokamilika kwa nukta moja. Lakini insha ni hoja inayomlenga msomaji, na swali kama hoja hiyo imemfikia hujibiwa vizuri na msomaji mwenyewe. Aidha, programu za akili unde zinazoandika insha nzima humwondolea mwanafunzi zoezi lililokusudiwa kumfundisha. Njia salama ni kuandika rasimu kwa mkono, kuisahihisha kwa programu, kisha kumpelekea mwalimu ile iliyorekebishwa.

Kuzungumza hutaka mtu zaidi ya sehemu nyingine zote. Rekodi za sauti hufundisha sikio na matamshi, ila mazungumzo hutaka mtu anayejibu jambo lisilotarajiwa. Wanafunzi wawili wanaokubaliana kusimuliana kwa Kiingereza kile walichosoma huziba sehemu ya pengo hilo bila gharama.

Intaneti ya kijijini

Kwa kijiji chenye mtandao wa kusuasua na bando la kununua, jambo la kwanza ni aina ya maudhui. Maandishi matupu ya kitabu cha maneno 50,000 huchukua takribani kilobaiti 300. Video ya dakika 10, hata ya ubora wa chini, hula megabaiti 30 au zaidi, yaani mara 100 ya kitabu kile. Kwa somo linalohusu kusoma, maandishi ndiyo yenye bei nafuu na ndiyo zoezi lenyewe.

Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, visomwe bure. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, hutoa masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020, mifumo ya namna hii iliungana na vipindi vya redio na televisheni kuwafikia wanafunzi walioko majumbani.

Pasipo na mtandao wa uhakika, masomo huhifadhiwa kwenye kompyuta moja ndogo inayorusha mawimbi ndani ya chumba, na vishikwambi huyapokea bila bando. Programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality hufanya kazi hivyo. Vituo vya kujifunzia vyenye vishikwambi vya aina hiyo vimefanya kazi pia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma.

Ushahidi mkubwa wa Tanzania kuhusu watoto wanaojifunza na kifaa ulitoka mkoani Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, vishikwambi viligawiwa katika vijiji vipatavyo 170 na kuchajiwa kwa sola. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School. Hata hivyo watoto wale walikuwa wanajifunza kusoma lugha wanayoisikia kila siku. Mwanafunzi wa Ipole anayesoma Kiingereza hana msaada huo wa masikio, na tofauti hiyo haipaswi kusahaulika matokeo ya Tanga yanaponukuliwa.

Uhuru na ratiba

Udhaifu mkubwa wa utaratibu huu ni kuahirisha. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente waliripoti mwaka 2019 kwamba katika kozi huria za mtandaoni za Harvard na MIT, waliomaliza mwaka 2017–18 walikuwa asilimia 3 hivi ya waliojiandikisha. Keller naye alikumbana na wanafunzi walioacha kazi hadi muhula unakwisha. Kwa kijana wa miaka 13, ambaye bado hajazoea kujipangia kazi, hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa mtu mzima.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa misafara ya karne ya 19 walitofautiana nguvu, lakini msafara ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na kambi ya jioni iliyojulikana. Mwanafunzi naye huhitaji vyote viwili: nafasi ya kwenda taratibu ndani ya wiki, na kituo kisichohamishika mwishoni mwake. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hufanyika siku zilezile nchi nzima, haumsubiri aliyechelewa.

Faida ya uhuru huo huonekana vizuri katika kalenda ya mkulima. Msimu wa kupanda na kukausha tumbaku huvuta mikono yote ya nyumba, na mtoto aliyekosa wiki mbili za darasa hukuta mada imepita. Somo la mtandaoni humngoja pale alipoliacha. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kwenda na simu, na simu ya nyumbani ni ya mzazi, nusu saa iliyopangwa kila jioni hufaa kuliko saa nne za Jumapili, nayo inaafikiana na kanuni ya marudio yaliyotawanywa.

Shule au kituo kinachotaka kuanza hakihitaji maabara ya kompyuta. Kinahitaji orodha ya maneno ya msingi, hadithi fupi za kutosha, mazoezi yanayojisahihisha, wenza wa kuzungumza, na mwalimu mmoja anayesoma insha na kuuliza kila wiki nani amefika wapi. Programu humpunguzia mwalimu kazi ya kusahihisha sarufi na msamiati. Muda unaobaki autumie kwenye kuandika na kuzungumza, ambako hakuna programu iliyochukua nafasi yake.