Ini la Mbwa na Paka Wanaotumia Dawa kwa Muda Mrefu

Karibu kila dawa anayomeza mbwa au paka hupita kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, kwa kuwa damu inayotoka kwenye tumbo na utumbo huingia ini kwanza. Humo vimeng'enya huigeuza dawa, kisha huiunganisha na kemikali nyingine ili iyeyuke kwenye maji na itoke kwa mkojo au nyongo. Hatua ya kwanza huweza kuzaa kitu chenye sumu zaidi kuliko dawa yenyewe. Hatua ya pili ikizidiwa, seli za ini huumia. Matibabu ya siku chache kwa kawaida hayafikishi hali hiyo, lakini mbwa mwenye kifafa au paka mwenye pumu huweza kumeza dawa kila siku maisha yake yote.

Uwezo wa ini hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Paka ana upungufu wa kimeng'enya kinachounganisha dawa na asidi ya glukuroni, ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli cha mtu mzima kinatosha kumuua. Diazepamu ya kumeza inayorudiwa siku kadhaa imewahi kuua ini la baadhi ya paka kwa ghafla. Predinisoni, ambayo lazima igeuzwe na ini kuwa predinisoloni ndipo ifanye kazi, haimfai paka sana, hivyo hupewa predinisoloni moja kwa moja. Dawa iliyomfaa mbwa wa nyumba hiyohiyo si lazima imfae paka.

Mfano ulio wazi zaidi wa matumizi ya muda mrefu ni fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotegemewa sana kwa mbwa. Dawa hii huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ini huanza kuivunja dawa yenyewe kwa kasi, na kiwango chake katika damu hushuka ingawa dozi haijabadilika. Pili, kipimo cha ALP, kimeng'enya cha ini kinachopimwa katika damu, hupanda, na mara nyingi ALT, kimeng'enya kingine cha ini, nayo hupanda kidogo, hata kama hakuna seli iliyoharibika. Predinisoloni pia hupandisha ALP ya mbwa na kulijaza ini glikojeni likavimba, hali ambayo kwa kawaida hurudi nyuma dozi ikipunguzwa taratibu.

Kwa hiyo namba iliyopanda kwenye karatasi ya maabara haitoshi kusema ini limeharibika. Vinavyoonyesha kama ini linafanya kazi ni vitu ambavyo linavitengeneza au kuvisafisha. Albumini, yurea na kolesteroli zikishuka pamoja, au bilirubini ikipanda, kazi ya ini imepungua. Kipimo cha asidi za nyongo, kinachochukuliwa kabla na baada ya mlo, hugundua upungufu huo mapema zaidi. Kwa paka mizani ni tofauti: ALP yake haikai muda mrefu katika damu, na predinisoloni haiipandishi kama kwa mbwa. Ongezeko dogo tu kwa paka huhitaji kuchunguzwa.

Ulinzi wa ini huanza kabla ya kidonge cha kwanza. Damu hupimwa ili pawe na namba za kulinganishia baadaye. Kwa mbwa anayeanza fenobabitoni, kiwango cha dawa hupimwa baada ya takriban wiki 2, na tena kila dozi inapobadilishwa. Kisha kiwango na hali ya ini hupimwa karibu kila miezi 6. Hatari kwa ini huongezeka kiwango kinapozidi mikrogramu 35 kwa mililita ya seramu. Hapo daktari wa mifugo huweza kupunguza dozi au kuongeza dawa isiyotegemea ini, kama potasiamu bromaidi, ambayo hutolewa na figo. Bromaidi hiyo haipewi paka, kwa sababu huweza kuwasha mapafu yao. Fenobabitoni haikatizwi ghafla kwa hofu ya ini, kwani degedege mfululizo linaloweza kufuata huua haraka kuliko ugonjwa wa ini.

Si dawa zote zinazodhuru polepole. Kaprofeni, inayotuliza maumivu ya viungo kwa mbwa wazee, huweza kuleta homa ya ini kwa mbwa wachache, mara nyingi katika wiki 3 za mwanzo, bila dozi kuzidishwa. Mbwa wa namna hiyo hukatiziwa dawa mara moja. Dawa mbili pia hugongana: kloramfenikoli huzuia ini kuivunja fenobabitoni, na kiwango chake hupanda hadi mbwa akayumba na kulala kutwa. Dawa za mitishamba na za dukani ziingie kwenye orodha anayoonyeshwa daktari.

Chakula nacho huweza kuwa mzigo. Mbwa wengi Afrika Mashariki hulishwa ugali au uji wa pumba za mahindi, na mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, sumu inayoshambulia ini na ambayo kupika hakuiondoi. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui, na mbwa huathirika nayo kwa urahisi. Nafaka isiyofaa kwa watu isipelekwe kwenye bakuli la mbwa. Protini haipunguzwi kwa kuwa tu mnyama anatumia dawa. Hupunguzwa pale ini linaposhindwa kiasi cha kuvuruga ubongo. Paka mnene asiachwe bila kula siku kadhaa, maana mafuta huhamia kwenye ini na kulizuia kufanya kazi.

Virutubisho vya ini vina nafasi ndogo lakini ya kweli. S-adenosilimethionini husaidia mwili kutengeneza glutathioni, kinga kuu ya seli za ini, na hupewa tumbo likiwa tupu bila kuvunja kidonge. Silimarini hutokana na mbegu za mmea wa miiba wa ukanda wa Mediterania. Vikiunganishwa, vimeonekana kupunguza kupanda kwa ALT kwa mbwa wenye saratani wanaotibiwa kwa lomustini. Kwa dawa nyingine ushahidi ni mdogo, na hakuna kirutubisho kinachofidia dozi iliyozidi au kipimo kilichorukwa.

Ini lina akiba kubwa ya nguvu, hivyo dalili huchelewa. Kukosa hamu ya kula, kutapika, kukonda, kiu na mkojo mwingi huweza kutokana na dawa au na ini, na huhitaji kupimwa damu. Ufizi au weupe wa macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, kutokwa damu ovyo, au mnyama kuzunguka na kugonga ukuta ni dharura. Anayempeleka kliniki abebe vifungashio vya dawa zote, kwani daktari huamua kwa kujua dozi, tarehe ya kuanza na saa ya kidonge cha mwisho.