Dawa ya Deni ni Kulipa: Niliyoyasikia Mugutha

Wengi wenu mmezoea kuniona katika ukurasa huu nikizungumzia tungo na watungaji. Leo niwieni radhi. Nitazungumza juu ya daftari la deni, na juu ya watu wa dini isiyo yetu walionikumbusha jambo nililofundishwa chuoni ningali mtoto.

Nianzie Mombasa. Siku moja ya mwaka 1983, nami ni mvulana wa miaka kumi na mitatu, nilikuwa dukani kwa marehemu baba yangu, mtaa wa Majengo, nikifunga sukari. Akaingia mtu aliyevaa koti zito, jasho likimtoka. Nilimtambua. Alikuwa Mkikuyu aliyepata kufanya kazi hapo dukani, akibeba magunia na kupima mchele, kisha akarudi kwao bara bila kuaga sana.

"Shikamoo, Tajiri," akamwamkia baba. Akatoa bahasha, akaiweka juu ya mizani. "Hizi ni shilingi mia sita na arobaini. Ni sukari na mchele niliokuwa nikikuibia. Nimehesabu kadiri ninavyokumbuka. Ukiona ni pungufu, niambie."

Baba alimtazama kwa muda. "Nani amekushitaki?"

"Hapana mtu."

"Mimi sikujua kuwa kuna kilichopotea."

"Mimi nilikuwa nikijua," akajibu yule mtu.

Nilidhani baba atamrudishia fedha zake, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Hakumrudishia. Alizihesabu moja moja, akafungua daftari, akaandika jina na kiasi, akapiga mstari. Kisha akasema, "Usizozikumbuka nimekusamehe, duniani na akhera." Akanituma chai na mahamri. Usiku nilipomuuliza kwa nini amezipokea, aliniambia, "Mtu ametoka Thika mpaka hapa kuja kutua mzigo. Ukimrudishia, utakuwa umemtwika tena."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kilichomleta. Yule mtu alikuwa ameokoka, kama wasemavyo wenyewe, akaingia katika kundi la Wakristo wanaoitana ndugu. Habari za kundi hilo zafaa zijulikane na sisi watu wa pwani, kwani ni sehemu ya historia ya nchi yetu.

Harakati hizo, ziitwazo Uamsho wa Afrika Mashariki, zilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Miongoni mwa waliozianzisha ni daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, waliokutana Kampala mwaka 1929. Moto ule ukaenea Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kabete, karibu na Nairobi, ukaingia Ukikuyuni. Huko wafuasi wake huitwa ahonoki, yaani waliookoka. Wimbo wao, Tukutendereza, una maneno ya Kiganda, na mpaka leo huimbwa Kiambu na wazee wasiojua Kiganda hata kidogo.

Ndugu hawa hawakujitenga na kuunda kanisa jipya. Walibaki katika makanisa yao, lakini wakashika jambo moja kwa nguvu: kwamba mtu akisoma maandiko na asibadilike nyumbani mwake, dukani mwake na kazini mwake, basi hakusoma. Kwa hiyo walianza kwenda kwa waajiri na majirani kurudisha vilivyoibwa, na kupatana na waliokosana nao.

Katika Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Wakawa katikati ya mioto miwili, na baadhi yao waliuawa. Msomaji anaweza kuwa na rai yake juu ya msimamo huo, maana vita vile vilikuwa vya ardhi na uhuru. Lakini sidhani kama yupo awezaye kusema kuwa imani yao ilikuwa ya mdomoni tu. Mmoja wa ndugu wa mwanzo katika Ukikuyu, Obadiah Kariuki, alifanywa askofu mwaka 1955, naye ni katika Waafrika wa kwanza wa Kenya kufikia daraja hiyo katika kanisa la Kianglikana.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa bahasha. Mwaka huu nilikuwa Nairobi kwa shughuli za Kiswahili, naye akapata habari, akanipigia simu. Amekwisha kuwa mzee, anakaa Mugutha, kitongoji kilichoko kati ya Ruiru na Juja, katika Kaunti ya Kiambu. Nilipanda matatu katika ile barabara pana ya Thika iliyokamilika mwaka 2012. Zamani pande zile zilikuwa kahawa mtindo mmoja. Hata ipo mbegu ya kahawa ijulikanayo kwa jina la Ruiru 11. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja, na nyumba za mawe zimeota palipokuwa na mibuni.

"Karibu, mtoto wa Tajiri," akanipokea mlangoni. Baba yangu amefariki tangu mwaka 2009, lakini kwa mzee huyu angali Tajiri.

Nilikuta jioni ile wana ushirika wao, watu tisa hivi, wengi wao watu wazima. Nilitaka kutoka, wakanisihi nikae ninywe chai. Kwa ajili yangu wakasoma kwa Kiswahili, katika Biblia ile ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, ambayo iliunganisha juhudi za tafsiri za Unguja na za Mombasa. Nilitega sikio kama mtunzi. Dhambi, toba, imani, sadaka, malaika, hukumu: maneno yote yaliyotoka midomoni mwa wale wazee wa milimani ni ya kwetu, yamepanda kutoka pwani.

Walisoma katika Injili ya Luka kisa cha Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru katika mji wa Yeriko. Alikuwa mfupi, akapanda mti ili amwone Issa akipita. Issa alipoingia nyumbani kwake, Zakayo alisimama akasema kuwa nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Nilitazamia kusikia mahubiri marefu. Hayakuwapo. Mzee aliuliza swali moja tu: "Neno hili limetudai nini wiki hii?"

Wakanyamaza. Kisha mama mmoja muuza nafaka akasema habari za gorogoro lake. Gorogoro, kwa wasiolijua, ni kopo la kilo mbili wanalopimia mahindi na maharagwe huko bara, kama sisi na pishi na kibaba. Alisema la kwake alilinunua limegongwa kitako, kikaingia ndani, naye akajua tangu siku ya kwanza kuwa halijazi kilo mbili. Kila muuzaji wa pale ana la namna hiyo, akasema, na yeye amesomesha watoto kwalo. "Juzi nimenunua jipya," akasema. "Faida imepungua, na wateja hawajui kwa nini maharagwe yangu yanawatosha." Wengine wakacheka, yeye hakucheka.

Wasomaji, mimi nilihifadhi juzuu Amma kabla sijabalehe. Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao katika vipimo, nimeisoma mara zisizo na idadi. Niliisoma mbele ya mwalimu wangu kwa sauti nzuri, nikasifiwa. Lakini sikumbuki hata siku moja kujiuliza imenidai nini.

Wageni walipotoka, mzee alinisindikiza hadi kituoni. Akaniuliza habari za duka. Nikamwambia tumelipangisha, lina kodi nzuri. Akafurahi. "Na yule dada yako aliyekuwa akimwandikia Tajiri hesabu, naye anapata chake?"

Aliuliza kwa wema, kama mtu aulizaye hali. Nami nilijibu, "Yuko salama, alhamdulillahi." Hilo silo aliloniuliza.

Kwa kweli baba alituacha watoto wawili, mimi na dada yangu, na mama alikuwa ametangulia. Sheria ya mirathi haina utata hapo: theluthi mbili zangu, theluthi moja yake. Nyumba tuligawana. Lakini kodi ya duka nilikuwa nikiipokea mimi. Mwanzo nilisema ni ya kukarabati paa. Kisha nikasema dada ana mume wa kumtunza. Mwisho sikusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Dada yangu ni mtu mpole.

Nalala na kuamka na vitabu, na najua walivyoandika wanavyuoni wetu. Toba ina masharti matatu: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mja, kuna sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au akusamehe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisali, nikifunga, nikitoa sadaka, na baadhi ya sadaka hiyo ikitoka katika theluthi ya dada yangu.

Nisieleweke vibaya. Sikwenda Mugutha kubadili dini, wala wenyeji wangu hawakunitaka hilo. Yale tunayohitilafiana juu ya Issa bin Maryamu yako pale pale. Pia yako mambo yao nisiyoyaafiki. Ndugu hawa huziungama dhambi zao hadharani, na hata makanisani mwao wapo waliolilaumu jambo hilo. Sisi tumefundishwa kuwa aliyesitiriwa na Mola asijifichue. Huenda msomaji akaniuliza, basi mbona wewe unajianika gazetini? Jibu langu ni kuwa haki ya mtu haikuwa siri yangu na Mola peke yetu. Yupo mwenyewe. Nilimwomba dada ruhusa ya kuyaandika haya, akanipa.

Niliporudi Mombasa nilipanda gari hadi Malindi anakokaa. Nilichukua fedha nilizoweza kuzipata, ambazo hazikutimia, na karatasi yenye hesabu ya miaka yote tangu baba alipofariki. Nilizikabidhi mkononi mwake. Akaitazama karatasi, akaniuliza, "Nani amekwambia? Mimi sikukudai."

Nilimweleza habari za Mugutha. Alimkumbuka yule mzee, na kile koti chake. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akazihesabu noti moja moja kama alivyofanya baba, akanirekebishia mwaka mmoja nilioukosea. Nimekubali kumlipa zilizobaki kila mwezi, na kuanzia sasa mpangaji humpelekea theluthi yake moja kwa moja.

Jambo la kusamehe hakulitaja, nami sikumuuliza. Deni halijesha.