Wazazi wakitengana, mtoto ni wa nani?

Ndoa inapovunjika, wapo wanaodai mtoto ni wa baba kwa kuwa alilipa mahari. Wengine hushikilia kuwa ni wa mama aliyemzaa. Sheria haimpi yeyote umiliki huo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au la. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 huiagiza mahakama kutanguliza maslahi ya mtoto. Hivyo, anayeishi naye hana idhini ya kumzuia mwenzake kiholela kumwona, wala anayemtembelea wikendi hasamehewi karo. Wanaoelewana waweza kuandikiana mkataba wa malezi. Wasioelewana huamuliwa na Mahakama ya Watoto.