Lilongwe ni karibu, dawa ziko mbali

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

KUTOKA Lilongwe hadi kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hazizidi kilomita 50, na minibasi zipo kutwa. Kwa hiyo anayeambiwa "dawa zimeisha" asiilaumu barabara.

Mama mmoja wa Uvira, anayemeza vidonge vya presha, alinifungulia daftari lake la afya. Alikotibiwa alipewa vya wiki mbili badala ya mwezi. "Mwanangu, presha yenyewe haijapunguzwa nusu," aliniambia.

Dawa za serikali ya Malawi hupitia Bohari Kuu, iliyofanywa taasisi ya udhamini mwaka 2011, yenye maghala ya kanda Lilongwe, Blantyre na Mzuzu. Kila mwezi kituo cha afya hujaza fomu ya kilichobaki na kilichotumika, wilaya huzipitia, kisha ghala hutoa. Mimi naona fomu hiyo ndiyo mzizi wa mambo. Dawa ikiisha tarehe 10, matumizi ya mwezi husomeka madogo, na mwagizaji asiyekumbuka siku za ukame huagiza kidogo tena.

Sasa weka hesabu hiyo Dzaleka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na Wamalawi wa vijiji jirani hutibiwa humo humo. Mwaka 2023 serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, walifika na maradhi yao, ilhali fomu za nyuma haziwajui.

Fedha nayo ina lake. Malawi haina bandari ya bahari. Mzigo hushukia Beira, Nacala au Dar es Salaam. Novemba 2023 dola ilipanda rasmi kutoka kwacha kama 1,180 hadi 1,700. Wenzetu wa Songwe wanajua maana yake: pesa ile ile, makopo machache.

Wapo wanaodhani pengo litazibwa na vidonge vinavyovushwa ndani ya marobota ya vitenge. Jua la njiani huviharibu, na dawa isiyosajiliwa ni kesi.

Kwa anayejiandaa kurudi Burundi au Kongo, aombe barua ya rufaa na dozi ya kutosha kabla ya siku ya safari. Zahanati ya kwao nayo huagiza kwa idadi ya wagonjwa wa mwezi uliopita, na yeye hakuwamo.