Protini huvunjika, kumbukumbu husalia

Kiswahili huizungumzia kumbukumbu kana kwamba ni mali iliyo ghalani. Twasema mtu amehifadhi shairi, ameliweka akilini, au limemtoka kichwani. Mwalimu anayemfokea mwanafunzi kwa kusahau somo la muhula uliopita huishi ndani ya sitiari hiyo pasipo kujua: mzigo uliwekwa, haupo, basi mwenye ghala ni mzembe. Mimi ni mwanaisimu, si mwanabiolojia, lakini yale ambayo wanabiolojia wameyafichua tangu miaka ya themanini yamenishawishi kwamba sitiari hii hutupotosha.

Tatizo lilielezwa vyema na Francis Crick, yule Mwingereza aliyeshiriki katika kugundua umbo la DNA, katika makala fupi ya mwaka 1984. Tunapojifunza jambo, maungio baina ya seli za neva, yaani sinapsi, huimarika. Hata hivyo, sinapsi zimejengwa kwa protini, na protini nyingi hudumu kwa siku au majuma tu, kisha huvunjwa na nyingine kuchukua nafasi zao. Mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80, husahau iwapo amekunywa chai asubuhi, ilhali nyimbo alizofunzwa utotoni huziimba bila kukosea neno. Karibu protini zote zilizokuwa katika sinapsi zake enzi hizo zilikwisha kutoweka kitambo. Ni nini basi kinachoimba?

Crick alikisia kwamba molekuli hubadilishwa moja moja, na ile kongwe humwachia mgeni hali yake kabla ya kuondoka. Mmoja wa waliotafuta molekuli ya namna hiyo ni Todd Sacktor wa New York, ambaye macho yake yalitua kwenye kimeng'enya kiitwacho PKM-zeta. Vimeng'enya vya ukoo wake huhitaji kuamshwa, hufanya kazi kidogo, kisha hutulia. Hiki hakina ile sehemu ya kukizuia, kwa hivyo kikishaundwa hakilali. Mwaka 2006 Sacktor na wenzake waliwafunza panya kuepuka mahali penye mshtuko wa umeme, kisha wakatia katika ubongo wao dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho. Panya walisahau mahali pale pa hatari, ingawa uwezo wao wa kujifunza upya haukupotea.

Kisha mambo yakaharibika, na hapa ndipo ningependa wanafunzi watue. Mwaka 2013 maabara mbili nchini Marekani, kila moja kivyake, zilitangaza kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya PKM-zeta walikumbuka barabara, na dawa ile ile iliwasahaulisha vilevile! Wengi waliihesabu nadharia hiyo kuwa imekufa. Kundi la Sacktor halikununa wala halikukana matokeo hayo, lilirudi maabara. Mwaka 2016 lilionyesha kuwa katika panya hao kimeng'enya cha jamaa moja kilikuwa kimeshika kazi ya ndugu yake asiyekuwepo. Mwaka 2024 likaongeza kwamba PKM-zeta hushikamana na protini nyingine, KIBRA, ambayo hukaa kama alama kwenye sinapsi zilizoimarishwa, ili molekuli mpya zijue pa kukaa. Mshikamano huo ulipovunjwa kwa dawa, panya wa kawaida walipoteza hata kumbukumbu ya majuma manne, lakini wale wasio na PKM-zeta hawakudhurika.

Kwetu wanaisimu jambo hili si geni hata kidogo. Neno mtu lina ndugu zake katika lugha za Kibantu kutoka kwa Wakikuyu hadi kwa Wazulu, na shina lake limedumu kwa maelfu ya miaka. Hakuna aliyelihifadhi. Kila aliyelitamka zamani amekufa. Lililolivusha ni kwamba mtoto alilipokea kabla ya mzee kuondoka. Mlinganisho huu una kilema chake, kwa kuwa mtoto ana akili na huweza kuligeuza neno, ilhali molekuli haina nia.

Hata hivyo, kumbukumbu nayo hugeuka. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake, pia huko New York, waliwakumbusha panya sauti waliyofunzwa kuiogopa, na papo hapo wakazuia uundaji wa protini mpya katika sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Baadaye hofu hiyo ilififia. Waliotiwa dawa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa. Yaonekana kukumbuka si kufungua ghala na kuchungulia; ni kulegeza na kujenga tena.

Walimu wanaosomea kazi hiyo huniuliza iwapo kukariri kumepitwa na wakati sasa kwa kuwa mtaala wetu wasisitiza umilisi. Huwajibu kuwa kasuku ni yule anayekariri mara moja, usiku wa kuamkia mtihani. Mwalimu anayewarudisha wanafunzi kwenye ngeli za Januari mwezi wa Machi, kisha Juni, akiwataka wazitoe wenyewe vichwani badala ya kuwasomea ubaoni, hapotezi wakati wa silabasi.