Jiko la mkaa si blanketi

Mtu aliyezoea Galula akisikia watu wanalalamikia baridi anaweza kucheka. Galula iko bondeni, karibu na Mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa, na ziwa hilo lipo kiasi cha mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Huko shuka moja inatosha. Lakini panda gari hadi Mbalizi, uingie Mbeya penye mita 1,700 hivi, au ushike njia ya Tunduma mpakani, utaona mambo yamebadilika. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Mwezi wa Juni hadi Agosti, Ulaya ni majira ya joto, na wapo watalii wanaovuka Afrika kwa magari yaliyogeuzwa nyumba, yenye kitanda na jiko. Wakifika nyanda zetu za juu hushangaa kutetemeka. Sababu ni kwamba sisi tupo kusini mwa Ikweta, na miezi hiyo upande wetu wa dunia umeinama mbali na jua. Aidha, anga la kipupwe halina mawingu ya kuzuia joto la mchana lisipotee usiku. Nalo bati la gari halihifadhi joto. Ikifika saa kumi alfajiri, ndani na nje ni karibu sawa.

Lakini watalii ni wachache. Wanaolala garini mwaka mzima ni madereva wa malori na matingo wao, wanaopeleka mizigo Zambia na Kongo. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kufupisha safari za karatasi. Hata hivyo, foleni ikirefuka, kebini ndiyo chumba cha kulala.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Baridi ikizidi, mtu huingiza jiko la mkaa ndani, akafunga vioo, akalala. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, hauna madhara. Si kweli. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu hulegea. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Usingizi humpeleka moja kwa moja kwenye kifo. Kufungua kioo kidogo si kinga ya kutegemea. Kuacha injini ikiunguruma usiku kucha nako kuna hatari hiyo hiyo, kwa kuwa moshi wa ekzosi unaweza kupenya ndani.

Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi, na umwahishe hospitali apewe oksijeni, hata kama amezinduka.

Basi, tufanye nini? Jiko libaki nje. Ota moto hapo, kula chakula cha moto, kisha ingia ulale. Tandika blanketi chini, si kujifunika tu, maana baridi hupanda pia kutoka chini. Ziba vioo kwa maboksi. Maji ya moto kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri, ukiizungushia kitambaa, hupasha miguu.

Nanyi wenye malori, bei ya mablanketi mawili mazito haifiki bei ya tairi moja. Tairi likipasuka mnanunua jingine. Dereva hanunuliwi.